Mama Mkwe Kwenye Pedali ya Breki

Gari langu lilikuwa linakunywa maji kuliko ng'ombe, na chini halidondoshi hata tone.

Sitanii. Asubuhi najaza rejeta mpaka juu, jioni nakuta limefyonza nusu lita. Nalala chali na tochi, namulika. Hozi kavu, pampu ya maji kavu, rejeta kavu. Moshi mweupe nyuma? Hakuna.

"Labda lina mimba," mke wangu akanitania.

Nilicheka, lakini roho haikutulia. Jumamosi nilitakiwa kumpeleka mama mkwe kumwona dada yake, ambaye Jumapili alikuwa anahama nchi kwenda kuishi kwa mwanawe. Dada wa pekee, na hawajaonana miaka sita. Njia yenyewe ina kilima kirefu, kupanda na kushuka. Na mimi ndiye niliyejitia kimbelembele: "Mama usihangaike, gari lipo."

Kimbelembele kibaya, jamani.

Alhamisi fundi akafunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta. Mshale ukapanda, kisha ukaanza kushuka taratibu mbele ya macho yetu. Tukatafuta maji yanatokea wapi. Wapi!

"Naogopa gasketi ya injini, labda maji yanapenyea ndani," fundi akasema. "Nikifungua hapo, ni wiki nzima."

Wiki nzima, na safari ni keshokutwa!

Kama hilo halitoshi, nilikuwa nimebadilisha hozi ya breki kwa mikono yangu mwenyewe, na hewa ikaingia. Pedali ikawa laini kama mkate. Kutoa hewa kunataka watu wawili: mmoja ndani akanyage na kushikilia, mwingine kwenye gurudumu afungue kanati kadogo, hewa itoke, afunge, ndipo wa ndani aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi yote.

Ijumaa mke wangu yuko kazini. Mama mkwe, aliyefika na begi lake tayari, akasema, "Nitakanyaga mimi."

Sasa wewe niambie, mama mkwe unampaje amri?

Mimi nimelelewa, bwana. Nikiwa uvunguni nikawa nasema, "Mama, samahani, kama hutojali, naomba ukanyage kidogo."

"Haya mwanangu, nimekanyaga. Pole na kazi."

"Asante mama, nimeshapoa, sasa naomba..."

Kabla sijamaliza adabu zangu, mguu wake umechoka, ameachia. Hewa imerudi.

Saa moja na nusu! Chupa ya mafuta ya breki inakaribia kwisha, pedali bado mkate.

Ghafla mlango ukafunguka. Nikaona viatu vya mama mkwe mbele ya pua yangu.

"Wewe mtoto! Dada yangu anaondoka Jumapili, na wewe unanisomea risala? Sema kanyaga, sema achia. Basi!"

Akarudi ndani, akabamiza mlango.

Nikavuta pumzi. "KANYAGA!"

"NIMEKANYAGA!"

"SHIKILIA! Haya, ACHIA!"

Mapovu yakatoka kwenye kimpira nilichochomeka kwenye ile nati. Majirani wakachungulia: mwanamume mzima yuko uvunguni anamfokea mkwe wake, na mkwe anafoka vilevile. Magurudumu manne tukayamaliza kwa dakika ishirini. Pedali ikawa ngumu, inapendeza.

Nikatoka nimejaa mafuta mpaka kwenye nyusi. Tukatazamana, tukaangua kicheko.

Halafu akafuta machozi ya kicheko. "Kwa kuwa leo tunaambiana wazi, mkwe, hili gari lako hunikojolea."

"Nini?"

"Miguuni, kila ukinipakia. Mwezi wa pili huu. Unadhani lile zulia la mpira nilikuletea kwa mapenzi tu? Naweka miguu juu, nikishuka nafuta na taulo. Sasa ningeanzaje kumwambia mkwe wangu aibu kama hiyo?"

Nikaruka upande wa abiria, nikalifunua zulia. Kapeti la chini chepechepe! Nikagusa, nikanusa. Maji yangu ya rejeta, na ukijani wake.

Kumbe si gasketi. Ni ile rejeta ndogo ya hita, ya kupasha joto ndani ya gari, iliyofichwa kwenye dashibodi, imetoboka. Fundi alipofika alicheka mpaka akakaa chini. Akaziondoa hozi mbili kwenye hita, akaziunganisha kwa kipande cha bomba na klipu, akapima presha tena. Mshale ukatulia tuli. Kazi ya nusu saa!

Jumamosi tulikipanda kile kilima na kukishuka bila kusimama popote. Wale ndugu wawili walikumbatiana mlangoni wakilia na kucheka, mimi pembeni nimeshika begi, furaha imenijaa.

Mama mkwe akanivuta mkono. "Dada, huyu ndiye yule mkwe niliyekwambia namwogopa."

Kumbe! Miaka mitano nilidhani mwoga ni mimi peke yangu.

Ndugu zangu, heshimuni wakwe, lakini mficha uchi hazai. Kama kuna kitu kinavuja, kwenye gari au nyumbani, semeni mapema. Mimi nilibakiza kidogo tu nifungue injini nzima kwa sababu ya adabu.