Shingo Isiyo na Kosa

Nilianguka kutoka ngazi ya kihenge nikiwa na kikapu cha mahindi, nikagonga paji la uso kwenye jiwe la kusagia. Ilikuwa kijijini Isansa, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mke mgeni nyumbani kwa wakwe zangu. Nilipozinduka nilijiona mzima. Kesho yake nilipoinama kukoroga uji nikaona vyungu viwili, kimoja kimekaa juu ya mwenzake. Nilitumbukiza mwiko kwenye kile kisichokuwepo, uji ukanimwagikia mguuni.

Baadaye niligundua kwamba nikilaza kichwa kwenye bega la kushoto, viwili vinarudi kuwa kimoja. Basi nikatembea hivyo shambani kwenye mibuni, mtoni na kanisani. Hapo ndipo adha ilipoanza, maana macho yangu hayakuwa na dosari ya kuonekana. Watu waliona shingo tu.

Mama mkwe alisema namsikiliza kama mtu anayepima uongo. Jirani alinikanda kwa mafuta ya ng'ombe. Mjomba wa mume wangu, aliyezoea kuunga mifupa ya mbuzi, aliivuta shingo mpaka nikalia. Mzee wa kanisa naye alinitaka nisimame wima mbele za Mungu. Kila mmoja nilimweleza kwamba shingo hainiumi, bali naona vitu viwili viwili. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaniuliza nililalia nini usiku hata shingo ikapinda.

Mwishowe mume wangu alinifunga shingo kwa magome ya mti na vitambaa ili ikae sawa. Nikashuka kuteka maji. Nilipotazama chini, njia ya mtoni ilikuwa mbili. Nikakanyaga ile isiyo njia, nikaporomoka na mtungi. Nilirudi nimelowa, nikayafungua yale magome na kuyatupa motoni mbele yao wote.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "shingo yangu ni nzima. Mkiinyoosha, mnaniharibia macho."

Akamwambia mwanawe anipeleke hospitali ya misheni.

Daktari Mzungu alianza kwa kunyoosha mkono shingoni. Nilimwambia akiigusa narudi nyumbani. Akauondoa mkono, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho. Halafu akakilaza kichwa changu upande wa kulia, akamwita mume wangu aangalie. Jicho la kulia lilikuwa limepanda juu peke yake.

Alitupeleka kwenye kisima cha hospitali, ambako kamba ya ndoo ilipita juu ya kapi, kile kigurudumu cha kuvutia maji. Alisema kila jicho lina misuli sita ya kulizungusha. Mmoja wao huanzia nyuma kabisa, huja mbele hadi kwenye kitanzi kidogo karibu na pua, hupita ndani yake, kisha hugeuka na kujishika juu ya jicho, kama kamba ile inavyogeuka kwenye kapi. Ndio unaoteremsha jicho tunapotazama chini, na kulipinda kidogo kuelekea puani. Mshipa wa fahamu unaouamuru ni mwembamba na njia yake ni ndefu. Pigo la kichwani huweza kuudhuru.

"Shingo haina kosa," alimwambia mume wangu. "Inalisaidia jicho. Msiiguse."

Dawa ilikuwa kufunika jicho moja kwa kitambaa ninapopika au kuteremka mlima, na kusubiri. Niliporudi na kitambaa, majirani wakaanza upya, safari hii na majani ya kukamulia jichoni. Mama mkwe aliketi mlangoni akawarudisha wote.

Msimu wa kahawa ulipofika, nilikuwa nachagua buni ungoni, kichwa kimenyooka, nikashtuka kuona ungo ni mmoja tu. Nilimwita mama mkwe nikamwambia. Alinishika mkono, akaufinya.

Tangu siku hiyo kila mgeni alielezwa habari za kamba na kitanzi, nusu yake si sahihi, nami nikaitwa kutoka jikoni nije nilaze kichwa wageni waone nilivyokuwa nikitembea. Nilikwenda, nikalaza, nikarudi kwenye moto wangu unaozimika.