Mfagiaji wa Sakafu ya Bahari

Kazini walimwita Fagio, na mimi wifi yake nililifurahia jina hilo kuliko yeye mwenyewe. Nyumbani kwake vumbi lilikaa juu ya kabati mpaka likaota mizizi, lakini ofisini alifagia sakafu ya bahari. "Wifi, ungeanza na sebule," nilikuwa nikimtania. Naye hujibu, "Sebule hainilipi mshahara."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli ya utafiti huenda mbali, juu ya safu ya milima iliyozama katikati ya bahari kuu, ikapita huku na huku kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayepiga deki. Chombo kilichofungwa chini yake hupeleka sauti, sauti ikagonga mwamba na kurudi, na kila mwangwi ukawa nukta kwenye ramani. Meli ikienda moja kwa moja, nukta huja safi. Ikikata kona, hulala upande na nukta zikatawanyika ovyo. Takataka hizo za konani ndizo alizofuta wifi, siku nzima, macho yamemwiva mbele ya kompyuta.

Kaka yangu, mumewe, alikuwa fundi wa winchi kwenye meli hiyohiyo. Asubuhi moja alianguka baharini. Nahodha mwenyewe alikuja msibani, akamshika mama yetu mikono yote miwili, akamweleza: mwenzake alimwona akianguka, jaketi la kuokolea amelivaa, na papo hapo meli ikageuzwa, ikamzungukia mpaka giza likaingia. Mama alimshukuru. Miezi yote iliyofuata, neno hilo ndilo lililomwinua kitandani kila asubuhi, kwamba mwanawe alitafutwa.

Kisha vipimo vya safari ile vikafika mezani kwa Fagio. Mkuu wa mradi alitaka kumpa mtu mwingine kazi hiyo, Fagio akakataa katakata. Alijiandaa kukuta kona za kila aina, uchafu wa kufuta wiki nzima, na aliniambia baadaye, kwa aibu, kwamba alikuwa akiutamani uchafu huo. Kila kona ingekuwa ya mumewe.

Hakukuta kona. Tangu asubuhi meli ilikwenda moja kwa moja, mwendo uleule, hadi jioni. Chini yake kulikuwa na kitu ambacho mradi ulikisaka tangu mwanzo: ubavu mzima wa mlima ulioporomoka, kovu liko wazi juu, vifusi vimetapakaa bondeni. Ukikatiza mstari katikati ya maporomoko kama hayo, ramani inabaki na pengo. Kona zilianza pale mstari ulipoishia, jua likikaribia kuzama.

Alimwita mkuu, akamwonyesha saa zilizoandikwa pembeni ya kila nukta. Bwana yule alizikodolea macho, akasema, "Hii iache kwanza. Nitaongea na watu wa meli." Mpaka leo hajaongea nao, na mimi simsubiri.

Siku hiyohiyo Fagio alikuja kwa mama. Mimi nilikuwa jikoni, akanieleza yote huku amesimama na mkoba begani.

"Funga mdomo wako, wifi," nikamwambia. "Mama wa watu anaishi kwa hilo tu. Unataka tumzike na yeye?"

"Sitaanza mimi. Lakini anajua vipimo vimefika, ataniuliza, na akiniuliza sitaweza kumdanganya."

Na kweli, tulipoketi mezani, mama alimtazama mkwewe mara moja tu, akaweka kikombe chini.

"Umeiona ile siku?"

"Nimeiona, mama."

"Walimtafuta?"

Nilimkanyaga Fagio mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Walimtafuta," Fagio akasema. "Lakini walimaliza mstari kwanza."

"Mstari gani?"

"Wa ramani. Meli haikugeuka mpaka jioni."

Nilimchukia pale, Mungu anisamehe, nilimchukia kuliko nahodha. Mama alikuwa akiusugua ukingo wa meza kwa kidole, polepole, kama anatoa doa.

"Na jaketi alikuwa nalo," akasema.

"Alikuwa nalo, mama."

"Basi mwanangu aliiona meli ikienda."