Sufuria Yenye Sikio Lililopinda

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika zamani. Mtaa mzima ulimwita Kifuniko, kwa sababu vifuniko alivyotengeneza vilikaa juu ya sufuria vikatulia. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha alumini chakavu, vipande vya injini, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka, kisha kuimimina kwenye kalibu za mchanga. Kwa fundi wa namna yake hakuna takataka. Kila kitu kinarudi motoni.

Sufuria ya kwanza aliyoitengeneza peke yake alimpa mkewe siku za mwanzo za ndoa. Ilikuwa kituko! Sikio moja limepinda, na ndani ina mstari pale kalibu ilipoteleza. Mke alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaufanya ule mstari kipimo chake. Maji ya wali mpaka mstarini, basi. Alipikia humo mpaka watoto wakaota ndevu na wengine kuolewa.

Uzeeni mama huyu akaanza kusahau. Kwanza funguo, na nani hasahau funguo? Halafu njia ya kurudi kutoka sokoni. Halafu majina ya wajukuu. Lakini akisimama mbele ya sufuria ile, mikono yake ilijua kazi yenyewe, na wali ulitoka umechambuka.

Ndipo ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la simu la ukoo. Mwanamke mmoja aliyejiita mtaalamu, wa nini hakusema, wa wapi hakusema, alitangaza kwamba sufuria za alumini ndizo zinazokula akili za watu. Mtumie umpendaye, akamaliza. Na watu kwa kupendana! Ulirudi kwenye simu ya Kifuniko kutoka kila upande.

Jioni binti yake mkubwa akaja.

"Baba, umeusikiliza?"

"Nimeusikiliza."

"Mama amepikia sufuria zako maisha yake yote."

Afadhali angemfokea, mzee angepata wa kubishana naye.

Asubuhi Kifuniko akaenda duka la dawa. Muuzaji alicheka. "Mzee wangu, ukifuata maneno ya simu utakufa njaa. Leo sufuria, kesho watasema maji."

"Kwako mnapikia nini?"

"Kwangu? Ah, mke wangu alinunua zile za chuma kisichoshika kutu. Basi tu."

Sasa hapo mtu ashike lipi?

Akampeleka mkewe kwa daktari, mama mpole aliyezungumza taratibu. "Hilo la alumini kuleta ugonjwa wa kusahau halijathibitishwa, baba. Wamelichunguza miaka mingi."

Kifuniko akashusha pumzi.

"Ila hizi za kumimina mitaani, wasiwasi ni kinachochanganyika humo. Madini ya risasi, kwa mfano. Hiyo ni sumu kweli. Wewe ulikuwa unayeyusha nini?"

Alikuwa anayeyusha nini! Chochote kilicholetwa.

Damu ya mkewe ikapimwa. Risasi ilikuwamo kidogo, si ya kutisha. "Na ya miaka ile ya nyuma?" Kifuniko akauliza.

"Hiyo hatuwezi kuijua tena."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemfanya hivi?"

"Siwezi kusema ni wewe. Kusema si wewe kabisa, hilo nalo siwezi. Umri peke yake unatosha kuuleta ugonjwa huu. Lakini sufuria badilisheni."

Alitoka pale kichwa kinawaka moto. Angeambiwa ana hatia, angelia. Angeambiwa hana, angelala. Aliambiwa abadilishe sufuria.

Binti akaleta mpya, zinang'aa mpaka unajiona. Za zamani Kifuniko alizibeba hadi karakana akazitia tanurini zote, na ile yenye sikio lililopinda. Ndivyo mikono yake ilivyozoea, kitu kibovu kinarudi motoni. Kulipopoa likabaki donge moja zito. Kuliuza aliogopa, kulitupa hakuweza. Akalisukuma chini ya meza.

Kesho yake mkewe alisimama jikoni, sufuria mpya chini ya bomba. Maji yakajaa, yakamwagika, yakafika mlangoni.

"Mstari uko wapi?" akauliza. Akaigeuza sufuria huku na huku. "Hii ya watu. Mwenyewe ataitafuta."

Kifuniko akachukua msumari, akachora mstari ndani. Mkewe hakuutazama hata kidogo. Akaketi kwenye kigoda, mikono mapajani, na tangu siku hiyo hakupika tena.

"Baba, tumefanya nini?" binti akalia.

"Tumefuata ushauri."

"Wa nani?"

Ushauri ulikuwa wa daktari, hofu ilikuwa ya yule mwanamke wa kwenye simu, na moto ulikuwa wake mwenyewe.

Karakanani alikuwa anashinda ameshika tama. Wateja wakimwambia, "Tuuzie, fundi, sisi hatuamini mambo ya simu," aliwatazama tu. Angewaambia nini, naye hajui?

Siku moja binti alikuwa akimtembeza mama yake, wakapita pale. Mama akasimama mlangoni, akajitanda khanga vizuri.

"Habari za kazi, fundi?"

Kifuniko aliinuka taratibu. "Nzuri, mama. Karibu."

"Nataka sufuria. Yangu imepotea. Sikio moja lipinde hivi, na ndani iwe na mstari." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Ile alinitengenezea mume wangu. Ukimwona, usimwambie nimeipoteza. Ataumia sana."

Binti akageuka ukutani. Chini ya meza donge lilikuwa palepale, alumini ileile, na hakuna mtu duniani aliyeweza kumwambia Kifuniko kama ni sumu au si sumu.

"Sitamwambia," akasema.