Mama Kavu, mpishi wa shule anayeuza moto wa kutazama

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mama Kavu ameshika vipande viwili vya kuni, kimoja kila mkono, anavigonganisha karibu na sikio. Ko! Anaviweka kulia. Anachukua vingine viwili. Pu. Hivyo vinakwenda kushoto, na uso wake unakunjamana kama wa mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi.

“Hivi bado vina maji,” anasema. “Ukiviwasha leo vitatoa povu kwenye ncha, halafu wageni wako wote watakimbilia ndani wakifuta macho.”

Anayeambiwa hivyo ni mwenye mgahawa wa bustani, mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi. Amekuja na gari la mizigo kutaka matita yote mia moja na arobaini. Anayataka leo, kabla ya mvua. Pesa anazo mfukoni.

Mama Kavu si jina alilopewa na wazazi wake. Majirani walimpachika kwa sababu mteja akiuliza bei, yeye hujibu kwanza, “Kavu!” Bei hufuata baadaye.

Siku za kazi ni mpishi wa shule. Kwa miaka kumi na sita amewasha majiko matatu ya kuni na kupikia watoto zaidi ya mia tatu. Macho yake yana wekundu usiotoka, na akicheka kifua hukoroma kidogo. Biashara ya kuni ni ya jioni na Jumamosi, uani kwake, kwenye nafasi ya hatua nane kati ya ukuta wa jirani na karakana ya mumewe, fundi baiskeli.

Aliianza bila kukusudia. Mwenye nyumba mmoja wa mtaa wa juu alichimba shimo la moto nyuma ya nyumba, akalizungushia mawe na viti, akamwomba mpishi amletee kuni. Mama Kavu akampelekea zile anazozijua, magogo manene ya kukaa chini ya sufuria nusu siku. Yalifuka moshi jioni nzima, hata ulimi mmoja wa moto haukuonekana.

“Mimi nilijua moto wa kupikia,” anasema. “Ule unajificha chini ya sufuria unafanya kazi. Hawa wanataka moto wa kutazama. Uwe na mwanga, usiwe na moshi, usirushe cheche kwenye nguo za watu. Ni moto uliojipamba.”

Wifi yake, ambaye ni msusi, hakuamini. “Watu wazima wakae kwenye viti watazame kuni zikiungua, halafu walipe?” alimwuliza. “Basi wifi njoo kwangu, nikuuzie maji ya kutazama.”

Wanalipa. Tita moja lina vipande kumi na viwili, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, pamoja na kifungu cha vijiti vya kuwashia. Akiuza matita ishirini kwa mwezi, anapata karibu nusu ya mshahara wake wa shule. Magogo huyapata kwa mkata miti anayepunguza matawi kwenye nyua za watu. Kuyapasua ni kazi yake mwenyewe, kwa shoka, nyundo na kabari mbili. Mumewe alijaribu siku moja, kabari ikaruka ikatua juu ya bati la jirani.

“Baba watoto mwachieni spoki zake,” anasema.

Lakini kuliko kupasua, kazi ni kungoja. Kuni hukauka kwa miezi sita, nyingine minane. Na mwaka jana Mama Kavu alingoja vibaya. Mvua zilipokaribia, alinunua turubai la plastiki akalifunika rundo zima gubigubi, toka juu hadi chini, akafunga kamba, akapanga mawe pembeni. Akajisifu.

Alipofungua, hewa ya joto yenye harufu ya nguo zilizovunda ilimpiga usoni. Kuni zilikuwa zimetoka jasho humo ndani. Ukungu mweupe umetanda, na safu ya chini imeota uyoga. Matita tisini yalipotea.

“Nilizifunika kama mtoto mchanga mwenye homa,” anasema, na sasa anacheka. Wakati ule hakucheka.

“Mficha uchi hazai, wifi,” msusi alimwambia, wamesimama mbele ya rundo lile. “Kuni zilitaka upepo, wewe umezivalisha koti.”

Ndivyo alivyojifunza kwamba juu hufunikwa, pembeni huachwa wazi. Kuni zinahitaji paa, si blanketi. Na paa ndilo hana.

Mwaka huu hasara kama ile haibebeki. Shule inaleta jiko la gesi. Muhula ukiisha, banda la jiko la kuni litavunjwa, na wapishi wanne watabaki wawili, wale vijana. Kuanzia mwezi ujao rundo hili halitakuwa tena biashara ya pembeni. Ndilo litakalokuwa mshahara.

Ndiyo maana mumewe, kutoka mlango wa karakana, habandui macho kwa mwenye mgahawa.

“Mama, kuni ni kuni,” mteja anasema. “Changanya tu. Nani atajua?”

“Moto utajua, bosi.”

“Basi nachukua zote au naacha zote.”

Gurudumu lililokuwa likizunguka karakanani linasimama. Mama Kavu anainama kwenye rundo. Anampa mteja vipande viwili. “Gonga mwenyewe.”

Anagonga. Pu. Anapewa vingine. Ko! Mtu mzima anainua nyusi. Anagonga tena, kisha anainama kuchukua vingine bila kuambiwa. Kufika saa nne mikono ya shati imekunjwa, vumbi la magome limemjaa kifuani, na sasa anabishana na mwenye mali.

“Hii nayo ni ko, mama! Sikiliza vizuri.”

“Hiyo ni pu, bosi. Weka kushoto, usinionee haya.”

Anaondoka na matita sitini na mawili, bila kukumbuka tena habari ya zote au hakuna. Yanabaki sabini na manane, na mawingu juu ya ukuta wa jirani.

“Mvua ikija tutauza uyoga,” mumewe anasema.

“Wewe utaula,” anajibiwa.

Pesa za siku ile, baada ya kuweka akiba ya miezi isiyo na mshahara, zilitosha nguzo, boriti na misumari. Mabati hayakuingia kwenye hesabu.

Ijumaa iliyofuata shule ilifungwa. Mwalimu mkuu aliwapa wapishi wawili wanaoondoka bahasha ya shukrani, akauliza kama wana ombi lolote. Mwenzake aliomba sufuria kubwa. Mama Kavu alitazama juu.

“Naomba mabati ya jikoni, mwalimu.”

“Yale? Mama, si masizi matupu yale?”

“Masizi yale ni yangu. Miaka kumi na sita nimeyapaka mwenyewe.”

Yalikuwa kumi na mawili, meusi tii. Mumewe aliyapakia kwenye mkokoteni, wifi akishikilia kwa nyuma, akiwa amevaa glavu zake za kupakia watu rangi ya nywele. Walipofika msusi alijitazama kwenye kioo cha baiskeli. “Wifi, leo umenipaka wanja hadi masikioni, na bure!”

Jumapili paa likasimama, pande zote nne wazi. Jumatatu mchana mvua ikashuka. Mama Kavu alisimama chini ya paa lake akitazama maji yakidondoka ukingoni, meusi kama wino kwa karibu nusu saa, kisha meupe. Akachukua vipande viwili katikati ya rundo, akavigonga. Bado pu. Lakini mvua haikuvifikia; kwa nje vilikuwa vikavu mkononi.

“Wahenga walisema kuni za uchagani, kule juu ya jiko, huzicheka zilizo motoni,” anasema. “Hizi zangu hazimcheki mtu. Zinajua zamu itafika.”

Mwenye mgahawa ameshaweka oda ya yale sabini na manane yatakapokauka. Yote isipokuwa tita moja.

“Hilo siuzi,” anasema Mama Kavu. “Nitaliwasha hapa hapa uani, niweke kiti, nikae. Na sufuria nisibandike.”