Sarafu ya Seremala

Fundi saa wa mtaa ule walimwita Jicho, kwa sababu ya lenzi aliyoibana jichoni kutwa nzima, hata mara nyingine akaja nayo mezani. "Unatafuta nini kwenye sahani, skrubu?" mkewe alikuwa akimtania. Naye huishia kucheka tu. Maneno kwake yalikuwa kama mvua za jangwani.

Ufundi wenyewe aliupata kwa sarafu moja. Baba yake, seremala, alikuwa nayo, ya fedha, ya zamani, nyeusi tii kwa uzee. Haikumtoka mfukoni; akiwaza jambo, huipapasa kwa kidole gumba. Mwanawe alipotakiwa ada ya kujifunza kazi, mzee aliiuza, akarudi nyumbani akipiga mluzi. "Ni kipande cha chuma tu kile," alisema.

Sasa mzee alikuwa hajiwezi, kumbukumbu zimemvuja kama maji kwenye pakacha. Hata mwanawe mwenyewe hakumtambua, alimwita "bwana daktari". Lakini kila jioni vidole vyake vilitambaa juu ya shuka, akiuliza, "Sarafu yangu iko wapi?" Asipojibiwa, alilia kimya kimya, mtu mzima yule. Jicho hakuweza kuzoea.

Ndipo siku moja akaiona kwenye picha za nyumba ya mnada. Aliitambua kwa pengo la ukingoni, mahali msumeno wa baba yake ulipoila.

Ukumbi wa mnada ulikuwa na viti vya kukunja, na kila mnunuzi alishika kibao chake cha namba. Dalali akataja dau, Jicho akainua kibao. Bwana mmoja wa tai naye akainua. Wakapandishiana hivyo, mpaka Jicho akaacha kabisa kukishusha.

"Mzee wangu, sasa unashindana na nafsi yako," dalali alimwambia, ukumbi ukaangua kicheko. "Mwenzio keshaacha."

Nyundo ikagonga. Karani aliyemkabidhi alimwonya, "Usije ukaisugua. Weusi wake ndio uzee wake."

Jicho alitabasamu. Nani wa kuisugua? Alimkuta mzee amelala, akaiacha kwenye kisahani, akamwambia mkewe, "Ya baba hiyo, nitampa jioni," akaenda kufungua duka. Zaidi ya hapo hakusema.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni, mikono yanukia limau.

"Njoo uone kazi ya mkeo. Jivu na limau, mpaka nimejiona uso. Baba mkwe hapewi kitu kichafu na mimi nipo."

Ilikuwa nyeupe kama kijiko kipya. Jicho alifungua mdomo, akaona furaha aliyokuwa nayo mwenzake, akaufunga. "Ahsante, mama."

Waliingia pamoja. Akamwekea mzee kiganjani. Kidole gumba kikapita ukingoni, kikakuta pengo, kikatulia. Mzee akafumbua macho, na kwa kitambo uso wake ulikuwa ule wa zamani. Kisha akautazama mng'aro.

"Nzuri," alisema kwa adabu, kama aliyeonyeshwa mali ya jirani. Akaitia mkononi mwa mwanawe, akamkunjia vidole. "Mrudishie mwenyewe, bwana. Atakuwa anaitafuta."

Walipotoka, mkewe alimshika mkono. "Kwani zamani ilikuwaje?"

"Ilikuwa hivyohivyo," Jicho alisema. "Amechoka tu."