Kuliani kwa Mume Wangu

Mume wangu alirusha ndege za mizigo kule Bukavu miaka mingi, na injini zikamla sikio la kushoto. Siri hiyo tulikuwa nayo wawili tu. Nilijizoesha kukaa kuliani kwake: kanisani, mezani, kwenye taksi. Mimi ni msusi, umbea wa watu naupokea kutwa nzima, lakini hilo sikumwambia mtu.

Hapa Joburg alikaa miaka mitatu bila kurusha hata kishada. Kisha kampuni moja ikamwambia: lete cheti cha daktari wa marubani, kazi ni yako. Akanunua shati jeupe. Kundi letu la maombi pale mtaani La Rochelle likafunga siku tatu, na wakaanza kumwita kapteni kabla cheti hakijatoka.

"Mama, tutakwenda wote," mume wangu akaniambia. "Ukae mahali ninapokuona. Muuguzi akibonyeza mlio, wewe gusa kitambaa chako cha kichwa."

"Sawa, papa," nikasema.

Wiki ileile tulikuwa tunavuka kwenye robot, taa za barabarani, pale Marshalltown. Taksi ikatokea kushoto inapiga honi, na yeye anatembea tu, hana habari. Nikamvuta kwa mkanda wa suruali. Akacheka. "Eish, utanivua nguo mbele za watu." Mimi sikucheka.

Kwa daktari macho yalipita, moyo ukapita, damu na mkojo vikapita. Wakamwingiza kwenye kijumba chenye dirisha la kioo, wakamvisha vifaa vya masikioni, wakampa kitufe: akisikia mlio, abonyeze. Mashine ilimzuia kuuona mkono wa muuguzi. Mimi nilikaa nyuma ya muuguzi, kidole chake nakiona vizuri. Kwa sikio la kulia hakunihitaji. Ilipofika zamu ya la kushoto, akaniangalia.

Muuguzi akabonyeza. Mkono wangu ulikuwa mapajani. Nilitaka kuuinua, au nilidhani nataka. Akabonyeza tena. Moyo ulikuwa umekufa ganzi: sikuona huruma wala hofu, niliona vumbi kwenye viatu vyangu. Niliwaza ile taksi. Akabonyeza tena, na tena, na mume wangu macho yapo kwangu, hadi akayashusha mwenyewe.

Cheti hakupewa. Daktari alieleza kwa upole, nami nikaitikia kwa kichwa kila neno.

Kwenye taksi ya kurudi nilikwenda kuliani kwake kama kawaida. Akasogea, akaijaza nafasi ile, akapigapiga kiti cha upande wa pili. Nikakaa. Nikamwambia nisamehe, papa. Aliendelea kutazama nje.

Hajanigombeza hata siku moja. Siku hizi analinda geti la maghorofa, kanisani wengine bado wanamwita kapteni, na anaitika. Ila popote tunapoketi, mimi ananiweka kushoto.