Gundi Yake Bado Inashika

Mimi shule niliiacha mapema na sikuijutia. Nyumba yangu ya Dandora niliijenga kwa kutengeneza majiko ya makaa, na kwa majiko hayo hayo binti yangu akafika chuo kikuu.

Huko akawa anatengeneza gundi. Nikamwuliza, "Kusoma kote huko, gundi?"

Akacheka. Akagonga jiko nililokuwa nalo mkononi. "Baba, udongo wa ndani ukishika moto unavimba, na chuma cha nje nacho kinavimba kivyake. Kwa nini haviachani?"

"Kwa sababu ya mchanganyiko ninaokandika katikati."

"Basi ndani ya betri yangu kuna unga wa silikoni. Ukichaji unavimba, ukitumia unanywea, mwisho unapasuka, chembe zinaachana, betri inakufa. Gundi yangu inazishika, inavutika nazo, na tena inapitisha umeme."

"Inachemsha chai?"

"Itaendesha pikipiki, mzee. Wewe endelea kuunguza githeri kwenye majiko yako."

Kisha kansa ya damu ikamshika. Pale kitandani hakuulizia dawa, aliulizia betri. Yenyewe ni ndogo kama kifungo cha koti, imebanwa kwenye mashine ya maabara inayoichaji na kuimaliza chaji, bila kupumzika, ili ijulikane gundi itavumilia mpaka wapi. Alituacha kabla ya kujua.

Kwetu fundi hazikwi mikono mitupu. Baba yangu nilimlaza na nyundo yake. Kwa hiyo nilikwenda maabara nikasema, nipeni betri ya mtoto wangu. Msichana aliyekuwa akifanya kazi naye akasimama mbele ya mashine.

"Pole sana, mzee. Tukiichomoa, jaribio lake limekwisha. Na bado inashika."

"Ni yake."

"Ndiyo, mzee. Ni yake."

Mimi si mtu wa kukatazwa. Lakini kwenye kioo cha mashine niliona mstari ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikavaa kofia, nikatoka.

Kaburini ndugu zangu walinung'unika. "Unamzikaje fundi hivi?"

Nikawajibu, "Bado yuko kazini. Funikeni."

Yule msichana wa maabara hunipigia simu kunieleza kama betri bado inashika. Ikilia, siishiki upesi. Namaliza kukandika jiko lililo mbele yangu, nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo nampigia.